Usifunge Lango Mpaka Kundi Zima Liwe Ndani

SWALI: Nina ekari 60 mashariki mwa Texas, ng'ombe 18, na malisho ambayo sehemu yake nakata majani makavu ya kuwalisha wakati wa baridi. Tangu Agosti nguruwe mwitu wanayafukua malisho kila wiki. Nimewapiga risasi saba, na kwa mtego wa kizimba nilioazima nimekamata wengine wanne, wote wadogo. Sasa ni Oktoba, na badala ya kupungua naona wameongezeka. Zamani walikuja jioni; siku hizi wanakuja saa tisa usiku. Jirani mmoja ananishauri ninunue darubini ya usiku ya bunduki, mwingine anasema niweke sumu. Mimi nafikiria mtego mkubwa. Nifanye lipi, na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana. Malisho yaliyopitiwa na kundi la nguruwe nayajua: unaamka asubuhi unakuta ardhi imepinduliwa kana kwamba trekta la mlevi limepita, mashine ya kukatia majani haiwezi tena kuingia bila kuvunja kisu, na ng'ombe wanakwepa mashimo wasivunjike miguu. Fikra yako ya mtego mkubwa ndiyo sahihi. Lakini mtego huo ukiutumia kama ulivyotumia kile kizimba, mwakani tutakuwa palepale. Kwa hiyo kabla ya vyuma na nguzo, nikueleze kwanza kwa nini nguruwe 11 uliowaondoa hawajakupunguzia kitu.

Kundi unaloliona usiku ni ukoo wa majike: mama, mabinti zake, pengine dada yake, na watoto wao wa rika mbalimbali. Madume yaliyokomaa hutembea peke yao na huja kwa majike wakati wa kupandana tu. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi sita hadi minane. Mimba huchukua siku 115 hivi, na uzao wa kawaida ni watoto wanne hadi sita, mara nyingine zaidi. Jike aliyekuwa na mimba changa ulipoanza kupiga risasi Agosti anakaribia kuzaa, na yule aliyekuwa na mimba pevu tayari anatembea na watoto. Ndiyo maana wataalamu wa wanyamapori hapa hukadiria kwamba lazima uondoe takriban theluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka ili idadi ibaki ilipo. Ibaki tu, haijaanza kushuka. Wewe umewatoa wadogo wanne kwenye kizimba, ambao baadhi yao wangekufa wenyewe kwa mbweha, baridi na njaa, ukawaachia mama zao nafasi na chakula.

Kuna jambo la pili, na hili kwangu ni zito zaidi. Nguruwe hujifunza. Ulipompiga mmoja pale ukingoni mwa malisho, wenzake kumi walisikia mlio, wakanusa damu, wakaliona gari lako. Kuja saa tisa usiku si bahati mbaya, ni jibu lao kwako. Na wale waliosimama nje ya kizimba wakawatazama wadogo wanne wakipiga kelele ndani wamejifunza sura ya kizimba. Nguruwe kama hao tunawaita walioogopa mtego, na kuwarudisha ni kazi ya miezi.

Nilifunzwa hilo nikiwa kijana katika kazi hii ya kutega nguruwe. Kamera ilikuwa imenionyesha kundi la 14. Usiku wa nne niliona tisa wameingia, watano wako nje, na kwa pupa nikaangusha lango. Tisa kwa usiku mmoja! Mwenye shamba alinishika mkono kwa furaha. Katika wale watano waliobaki nje alikuwamo jike mzee mwenye sikio la kushoto lililochanika. Baada ya usiku ule hakukanyaga tena ndani ya zizi lolote nililojenga katika shamba lile. Alikuja, akasimama mita tano kutoka langoni, akala mahindi yaliyomwagika nje, akaondoka, na watoto wake wakafuata nyayo zake. Majira ya kuchipua kundi lilikuwa 12 tena. Tangu siku ile sijawahi kufunga lango kwa sehemu ya kundi, hata mwenye shamba akinisihi.

Sasa tuzijibu fikra za majirani zako.

Bunduki ni chombo kizuri kwa kazi ndogo, na kazi hiyo nitaitaja mwishoni. Kwa kupunguza kundi haitoshi, na kuna majimbo yaliyojifunza hilo kwa gharama. Tennessee ilifungua msimu wa kuwinda nguruwe mwitu katika jimbo zima mwaka 1999 ikitarajia wapungue. Kilichotokea ni kwamba nguruwe walianza kuonekana katika kaunti ambazo hawakuwahi kuwamo, kwa sababu watu walioupenda uwindaji waliwabeba kwenye magari na kuwaachia karibu na kwao. Mwaka 2011 jimbo likabadili sheria na kuwaondoa katika orodha ya wanyama wa kuwindwa. Kansas ilikwisha piga marufuku uwindaji wao wa burudani mwaka 2006, na idara ya uhifadhi ya Missouri ikauzuia katika ardhi zake mwaka 2016, kwa sababu wawindaji walikuwa wakiyatawanya makundi ambayo mafundi wa mitego walikuwa wameyavuta kwa wiki kadhaa. Hapa Texas sheria inakuruhusu kuwapiga katika ardhi yako wakati wowote wa mwaka, na tangu Septemba 2019 huhitaji leseni ya uwindaji katika ardhi ya mtu binafsi mradi mwenye ardhi ameruhusu. Ruhusa unayo. Ninachokuomba ni uache kabisa kupiga risasi tangu leo mpaka kazi ya mtego iishe. Utasikia hapa pia watu wakisifu kuwapiga risasi kutoka kwenye helikopta, ambazo sheria ya 2011 ilizifungua hata kwa wawindaji wanaolipa. Zinafaa sana kwenye nyika iliyo wazi, ila chini ya misonobari yetu ya mashariki rubani haoni kitu.

Kuhusu sumu: ipo iliyosajiliwa, yenye warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, kwa kiasi kidogo. Shirika la serikali kuu la mazingira, EPA, liliisajili mwaka 2017, na Texas ikaikubali mwaka 2024. Hutolewa kwenye vihori vyenye vifuniko vizito ambavyo nguruwe huvifungua kwa pua na wanyama wadogo hawawezi, na anayeitumia lazima awe na leseni ya viuatilifu. Siikatai, ila kwa ekari 60 zenye ng'ombe, mbwa na majirani wenye mbwa, mimi singeanzia huko. Kama huyo jirani anazungumzia sumu nyingine yoyote ya kuchanganya na mahindi, mkatalie. Ni kosa la jinai, na ataua rakuni (wale wanyama wadogo wa usiku wenye mkia wa mistari), tai na mbwa wako kabla hajaua nguruwe mmoja.

Turudi kwenye mtego. Mtego wa zizi ni ua wa duara uliojengwa kwa paneli za chuma na wenye lango moja. Duara si pambo. Nguruwe walioshtuka hukimbilia pembeni, na wakikuta kona hupandana migongoni hadi wa juu anavuka ua wa mita moja na nusu. Kwenye duara hawana pa kurundikana, wanazunguka tu. Tafuta paneli zenye urefu wa mita 4.9 na kimo cha mita 1.5, zenye matundu yasiyozidi sentimita 10. Paneli sita zikipishana kidogo, pamoja na lango, zitakupa zizi la kipenyo cha mita 9 hivi, linalotosha kundi la nguruwe 15 hadi 20. Nguzo za chuma zigongwe kila baada ya mita 1.2, na ziwe nje ya paneli, si ndani, ili kundi likisukuma paneli ziegemee nguzo badala ya kuning'inia kwenye waya. Sehemu ya chini ndiyo ya kufunga kwa waya mwingi kuliko zote. Nguruwe hujaribu kwanza kuinua kwa pua, kuruka huja baadaye. Juu usifunike: kulungu akiingia kwa makosa, ataruka na kwenda zake.

Lango liwe pana. Kizimba ulichoazima kina mlango wa upana wa nguruwe mmoja, ndiyo maana wazee walibaki nje na wadogo wasio na hofu wakaingia. Mimi hutumia lango la mita 2.4 linaloangukia chini kutoka juu, na huliangusha kwa simu, nikitazama picha zinazotumwa na kamera. Mtego wa kamba, ule ambao nguruwe akigusa waya kule nyuma lango linaanguka, ni rahisi zaidi, lakini anayeamua ni nguruwe wa kwanza mwenye njaa, si wewe. Kama fedha ni za kuchagua kimoja, punguza kwingine kote, nunua lango la kuamrishwa kwa mbali. Kabla ya kununua, uliza ofisi ya AgriLife Extension, huduma ya jimbo ya kuwashauri wakulima, ya kaunti yako. Wao hutoa ushauri bure na huwajua watu wa eneo lako wenye vifaa.

Usijenge chochote bado. Oktoba mialoni inaangusha mbegu, na nguruwe mwenye mbegu za mwaloni ardhini hatembei kilomita mbili kufuata mahindi yako. Wiki hizi zitumie kuwajua. Tembea mchana ukague njia za kijito na kingo za msitu. Nyayo za nguruwe ni za mviringo kuliko za kulungu, na ncha zake ni butu. Tafuta madimbwi ya matope wanamogaragara, kisha angalia nguzo na misonobari iliyo karibu. Wakitoka matopeni hujisugua. Juzi nilisimama mbele ya nguzo moja ya umeme: tope lilikuwa limekauka rangi ya kijivu hadi juu ya goti langu, nywele ngumu nyeusi zimenasa ndani yake, ncha zake zimegawanyika kama brashi iliyochakaa. Chini yake, kwenye usawa wa kifundo cha mguu, kulikuwa na mstari mwingine wa tope, bado mbichi. Nguzo moja ikaniambia kuna jike mkubwa, kuna watoto, na wamepita jana. Hapo ndipo unapofunga kamera.

Kuanzia mwisho wa Desemba, mbegu zikiisha, anza chambo. Chagua mahali penye kivuli karibu na njia yao, panapofikika kwa gari bila kuwapita wanapolala. Mwaga mahindi kilo 15 hivi na uache kamera ifanye kazi. Ukiona kulungu na rakuni wanayamaliza, chachusha mahindi: jaza pipa nusu, maji yafunike mahindi na kuzidi, tia sukari na hamira kidogo, funika bila kukaza kwa sababu gesi hutoka, uache siku kadhaa mpaka harufu ikufukuze. Wanyama wengine wengi hawaipendi. Nguruwe huifuata kutoka mbali. Usianze kuhesabu usiku wa kwanza. Subiri mpaka kundi lije mfululizo usiku tatu au nne, halafu kaa na picha zako mchana na uandike: majike wakubwa wangapi, wa kati wangapi, watoto wangapi, nani ana baka, nani ana mkia mfupi. Namba hiyo ndiyo itakayoamua ni usiku gani utaangusha lango.

Kisha jenga polepole. Siku ya kwanza weka paneli mbili au tatu tu, kama nusu mwezi, mahindi katikati. Watashtuka usiku mmoja au miwili, watarudi. Ongeza paneli, acha upande mzima wazi. Wakizoea, kamilisha duara na ufunge lango likiwa juu, kwa pini ya chuma, lisiweze kuanguka hata kwa ajali. Hapa ndipo subira ya watu wengi inapoisha. Wadogo wataingia usiku uleule. Mama atasimama kizingitini, miguu ya mbele ndani, ya nyuma nje, ananusa chuma cha chini. Fukia kizingiti kwa udongo na majani makavu ili asihisi chuma kwato zikikanyaga. Mahindi mengi yawekwe nyuma kabisa ya zizi, na langoni mstari mwembamba tu. Wengine hunisimulia kwamba wameona kundi zima ndani usiku mmoja wakalifunga. Mimi nasubiri usiku tatu mfululizo ambapo hesabu ya ndani inalingana na hesabu niliyoandika, kwa sababu usiku wa kwanza mama bado ana misuli ya kukimbia. Usiku wa tatu amelala chini anatafuna.

Siku hiyo ikifika, ondoa pini alasiri, jaza chambo, ondoka mapema. Usiku hesabu mara mbili. Namba yako ni 13 na unaona 12? Subiri. Waache wale mahindi, waende, kesho warudi.

Lango likishaanguka, nenda kabla ya jua kupanda. Nguruwe hana jasho la kumpoza, na kumwacha ndani ya zizi juani ni mateso yasiyo na sababu. Ametuharibia malisho, lakini hakujileta: walikuja na Wahispania tangu karne ya 16, na miaka ya 1930 watu wakaongeza nguruwe mwitu wa Ulaya hapa Texas kwa ajili ya uwindaji. Piga risasi moja ya kichwani kwa kila mmoja, kwa utulivu, ukianza na majike wakubwa, ukisimama mahali ambapo nyuma ya nguruwe kuna ardhi tupu, si nyumba wala ng'ombe. Kama huna uzoefu, tafuta aliye nao. Usiwasafirishe wakiwa hai kwenda kuwaachia kwingine. Sheria inakataza kuwaachia ovyo, na namna hiyo ndiyo iliyowaeneza tangu mwanzo.

Kabla ya kugusa mzoga, vaa glavu na miwani, hata kama huna nia ya kula nyama. Nguruwe hawa hubeba vijidudu vya brusela ambavyo huingia kwa mtu kupitia mkwaruzo mdogo mkononi au damu ikirukia jichoni, na homa yake hurudi na kurudi. Leptospira, bakteria nyingine inayowaambukiza watu, pia imo. Ukitumia nyama, ipikwe mpaka kiini chake kifikie nyuzi 71 za selisiasi. Mbwa wasilishwe nyama mbichi na wasikaribie mizoga, kwa maana kuna ugonjwa wa virusi wa nguruwe, unaofanana na kichaa cha mbwa kwa dalili, ambao ukimpata mbwa haponi. Mizoga izikwe mbali na kijito na kisima.

Jambo jingine ni majirani. Kundi moja linaweza kuzunguka mamia ya ekari, kwa hiyo ekari zako 60 ni kituo tu cha safari yao. Zungumza nao wawili sasa hivi, kabla ya Desemba. Waombe wasipige risasi na wasiweke chambo chao katika wiki unazovuta kundi, nawe uwaahidi kuhamishia zizi kwao ukimaliza. Uliza pia kama kuna anayelisha kulungu kwa mahindi ya kumwaga. Kihori cha kulungu kisichozungushiwa ua ni meza ya nguruwe kila usiku, na hakuna chambo kinachoshindana nacho. Paneli ya kimo cha sentimita 71 kukizunguka huwazuia nguruwe wengi, na kulungu huruka juu yake bila shida.

Mwishoni utabaki na dume mmoja au wawili. Hao huingia mtegoni mara chache, hutembea peke yao, na hawana kundi la kulifundisha chochote. Hapo, ndugu, ndipo ununue ile darubini ya usiku. Kamera zibaki mahali pake mwaka mzima, na pipa la mahindi lisiishe. Ukiona picha ya jike mgeni na watoto wawili nyuma yake, rudisha paneli mbili kwa sura ya nusu mwezi siku hiyohiyo, pini langoni, uanze tena kuhesabu wakiwa bado watatu.